Mkeka wa Ukutani

Enzi za trekta za Waingereza za kulima karanga, mama alikwenda nami hospitali ya Nachingwea kumuuguza bibi, akakuta wagonjwa wamelala kwenye saruji ya korido kwa kukosa vitanda. Tuliporudi kijijini kwetu Chiola akasuka ukili wa milala, mwingine akautia rangi nyekundu, akashona mkeka mpana, akawapelekea.

Sista wa Kizungu aliusifu mno. Akaupigilia misumari ukutani, kando ya picha ya ng'ombe wanono wa kwao, ili wagonjwa wapate cha kutazama. Mama akasema kwa Kimwera kwamba mkeka hautazamwi, unalaliwa. Mkalimani akamwambia sista, "Anashukuru."

Anashukuru!

Masika yaliyofuata mama mwenyewe akaugua kifua. Vitanda vilikuwa vimejaa, nikamtandikia kanga kwenye saruji ile ile, chini ya mkeka wake. Nilimwomba dresa, mfunga vidonda wa zamu, auteremshe. Hata hakugeuka. "Ule ni pambo la hospitali, usiguswe."

Mama alilala akiutazama, meno yakimgongana kwa baridi. Alipokata roho, dresa yule yule akaja kuniuliza kama nimekuja na mkeka wa kubebea maiti.