Filta ya Kufua Niliyoisifu kwa Mkwe Wangu

Nakuelezeni mwenyewe kisa hiki, kwa kuwa mkwe wangu akikusimulieni yeye atanimaliza.

Gari yangu ni mtumba wa Kijapani, ile inayotumia petroli na umeme. Niliagiza filta ya hewa ya kufua, ambayo haitupwi ikichafuka kama zile za karatasi. Nikampelekea fundi huko Mwanakwerekwe pamoja na gari, aifunge, na jioni nikaichukua gari yangu.

Tangu siku hiyo sikunyamaza. Barazani nilisema gari imekuwa nyepesi, petroli hainywi tena, hata njia ya vumbi ya Paje haiisumbui. Mkwe wangu, Mzee Salum, ana gari za kubebea wageni Uroa. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaja nyumbani, maana alitaka kuziagizia gari zake zote filta kama hiyo.

"Hebu nifungulie niione, mwanangu."

Nikafungua boneti kwa madaha, nikafunua na kasha la filta. Ndani mlikuwa na ile kuukuu ya karatasi, nyeusi kwa vumbi.

Nikampigia simu fundi pale pale. Sauti yake ilitoka kubwa, sote tukamsikia.

"Filta yako nnayo hapa. Si nlikwambia haifungwi mpaka uniletee mafuta yake ya kupaka? Ukaitikia, ukenda zako!"

Mzee Salum akaishusha boneti taratibu.

"Filta nzuri hiyo," akasema. "Ipo Mwanakwerekwe, na huku gari imekuwa nyepesi."