Kicheko cha Skola

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shangazi yangu Gaudensia, vikanibana mpaka nikawa natembea kama kuku aliyefungwa mguu. Mkuu wa kikundi chetu cha sanaa, tuliyemwita Bwana Utamaduni kwa sababu ndicho kilichokuwa cheo chake pale wilayani Kasulu, aliniangalia nikivuka uwanja wa ghala tulimofanyia mazoezi.

"Rudi mlangoni, uingie tena hivyo hivyo," akasema.

Nikarudi. Waliokuwepo wakacheka: Petronila aliyepiga kayamba, Mzee Raurenti wa ngoma na Damasi aliyecheza wahusika wa kiume. Nikajua kazi nimeikosa.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Shikamoo. Darasa la nne."

"Marahaba. Sauti yako niliisikia kanisani, ni nzuri. Lakini ninakuchukua kwa huo mwendo. Ukivivua hivyo viatu, usiusahau."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuchekesha watu na kuimba, nikaifanya mpaka meno ya mbele yaliponitoka. Ninyi wajukuu mnawaona wachekeshaji kwenye simu, mtu yuko peke yake chumbani anajirekodi. Sisi tulikwenda na turubai, ngoma mbili, na kipaza sauti cha betri ya gari. Nimekuwa bibi harusi, mlevi, karani wa mahakama, padri mwenye kikohozi, hata ng'ombe anayegoma kukamuliwa. Tulikuwa wanne tu, kwa hiyo Damasi akiugua nilicheza mume na mke kwa pamoja, nikigeuza kitenge upande huu na upande ule. Kati ya mchezo na mchezo niliimba kwa Kiha, kwa sababu wazee wengi Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa mbali.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo mawili ambayo hamtayaona jukwaani. La kwanza ni kuchukua mtu. Tulifika kijijini siku moja kabla, nikakaa kisimani au kwenye mashine ya kusaga, nikatazama. Namtafuta mtu mmoja mwenye namna yake: anavyofunga khanga, anavyoita kuku, anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Huyo namchukua mzima mzima, naondoka naye. Bwana Utamaduni alitupa sheria moja tu juu ya hilo, akairudia kila safari: mtu haigizwi kijijini kwake. Uliyemchukua Manyovu, mcheze Buhigwe. Wa Buhigwe mpeleke Kibondo. Watu wamcheke wasiyemjua, waseme kila mmoja, "Huyo ni kama jirani yangu," na jirani abaki na heshima yake.

La pili ni mcheko wa kwanza. Kwenye umati wowote yupo mmoja anayecheka kabla ya wengine. Ukishamwona, unamchezea yeye, na wengine wanamfuata. Mimi sikio langu lilikuwa kali kwa hilo. Vicheko vya watu nimevihifadhi hadi leo kama wengine wanavyohifadhi picha.

Bwana Utamaduni alipohamishwa, ukaja ugonjwa wa kuhara na kutapika. Wakubwa wakatuweka chini ya Bwana Afya, mtu mchapakazi, mwembamba, asiyelala. Tulitakiwa kucheza mama mmoja anayeficha wagonjwa ndani badala ya kuwapeleka kwenye hema la matibabu. Tukamwita Mama Funika. Mchezo ulifanya kazi kweli. Tulikotoka, watu walileta wagonjwa wao.

Kisha tukafika kijiji kimoja upande wa Muyama. Majina yote nayakumbuka, lakini la kijiji hicho naliacha kwa ajili ya waliobaki. Tulicheza siku ya kwanza, hakuna aliyecheka. Walisimama wamekunja mikono, wamechoka kuzika.

Bwana Afya akaniita kando ya gari. "Mama Yohana, hawa wasipocheka hawasikilizi. Na wasiposikiliza wanakufa. Kesho lete kitu."

"Nitaleta," nikamwambia.

Ningeweza kumtoa mtu wa Kibondo, nilikuwa nao wengi kichwani. Lakini jioni ile nilikuwa nimemwona kisimani mwanamke anaitwa Leokadia. Alikuwa na goti bovu, akitembea kama anayekanyaga ngazi isiyokuwepo, na kabla ya kujibu swali alifuta mdomo kwa pindo la khanga mara mbili. Alikuwa mtamu mno kwa jukwaa. Nikamchukua, na kesho yake nikamcheza palepale. Hakuna aliyenilazimisha. Bwana Afya alitaka kicheko, lakini sheria niliijua mimi.

Niliingia na lile goti. Kimya. Nikafuta mdomo mara mbili. Ndipo katoto ka kike, kama miaka sita, kalikokaa mbele kabisa, kakasema kwa sauti, "Ni mama." Kakacheka. Kalicheka kwa furaha, kama mtu aliyeona mama yake amepewa zawadi. Ulikuwa mcheko wa kwanza, nami nikauchezea. Umati mzima ukageuka kumtazama Leokadia, ukarudi kunitazama mimi, ukaanguka kwa kicheko. Wanaume walishikana mabega. Leokadia alijifunika uso kwa lile pindo la khanga, na hilo nalo nikaliiga.

Bwana Afya alinishika mikono yote miwili. "Mama Yohana, leo umeokoa watu."

Pengine ni kweli. Wagonjwa kadhaa waliletwa jioni ile.

Baada ya wiki mbili tulirudi kuangalia hali. Nilipomwuliza mama mmoja wa mashine ya kusaga habari za pale, alinijibu huku akipepeta unga.

"Habari zipo. Mama Funika wako amezika."

"Mama Funika gani?"

"Si yule uliyetuonyesha? Watoto walikuwa wanamwita hivyo mpaka kisimani. Binti yake Skolastika aliposhikwa na tumbo, akamfungia ndani. Tukamwambia, mpeleke hemani. Akasema, nikipita naye njiani mtasema mchezo ulikuwa kweli, kwamba nilikuwa nimemficha."

Nilikwenda kwake peke yangu. Alikuwa anamenya muhogo mlangoni, hakuinuka.

"Karibu, mchezaji," akasema.

Nikapiga magoti. Nikasema maneno, sijui hata yalikuwa maneno gani. Alisubiri nimalize, akafuta mdomo mara mbili.

"Mimi sikuwa nimeficha mtu yeyote," akasema. "Kabla yako, wa kwanza kupeleka mgonjwa hemani hapa kijijini nilikuwa mimi. Nilimpeleka mama mkwe wangu mgongoni, na goti hili."

Muhogo ulipoisha akaingia ndani.

Nilimweleza Bwana Afya. Akasema hatuwezi kuuacha mchezo, ugonjwa haujaisha. Alisema kweli. Nikaendelea kumcheza Mama Funika hadi Kibondo na kwenye vijiji vya jirani na kambi za wakimbizi, ila kwa mwendo wangu mwenyewe wa viatu vya shangazi. Watu walicheka kiasi. Niliimba zaidi, nikachukua watu wachache, na baadaye sikumchukua mtu kabisa. Nilipostaafu walinipa kitenge na cheti, wakaniomba niwachekeshe kidogo. Niliimba.

Sasa mnakuja hapa Kasulu na simu zenu, mnaniuliza siri ya kazi. Mnamrekodi jirani akigombana na mbuzi wake, na kabla ya kufika nyumbani ameshachekwa na mtaa wake mzima. Siri ni ile sheria niliyowaambia. Niliishika safari zote, nikaivunja mara moja.

Mwaka jana Leokadia alikuja kwangu. Ni mkongwe sasa, magoti mabovu yamekuwa mawili. Nikampa kiti na uji, hakuugusa.

"Wanasema ulikuwa unahifadhi sauti za watu," akasema.

"Nilikuwa nahifadhi."

"Mimi ya Skola imenitoka. Uso ninao. Sauti nikiitafuta siipati. Alicheka siku ile. Unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Basi nipe."

Tangu siku ile mlangoni kwake sikuwa nimeigiza mtoto yeyote. Nikaweka mikono magotini, nikacheka kile kicheko mbele ya mama yake, kwa mdomo huu usio na meno.

Alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa.

"Karibu na mwisho alikuwa anavuta pumzi, hivi. Umeisahau."

Nikarudia, nikaweka pumzi.

"Hapo," akasema. "Tena."