Mikono Misafi ya Mama

Kila nikimenya ndizi mbichi, utomvu ukaninata vidoleni na harufu yake ikanipanda puani, namkumbuka mama yangu kabla hajawa Mheshimiwa.

Siku hizo alikuwa Mama Koku tu, muuza vitenge sokoni Mkuyuni. Sisi ni watu wa Kagera, lakini pale Igogo tulipokaa, msiba ukitokea kwa yeyote, Msukuma au Mjita, mama alifunga duka, akajitanda kanga na kubeba kisu chake mwenyewe. Alikaa mkekani na wenzake wakimenya ndizi mpaka sufuria kubwa lijae, wakilia, kisha wakitaniana, kisha wakilia tena. Jioni alirudi mikono myeusi tii. Alijisugua kwa ndimu, wapi! Jumapili akinishika mkono kwenda kanisani nilikuwa naona aibu.

Kina mama hao ndio waliomfanya diwani. Walimpigia kampeni kwa vifuniko vya sufuria, wakiongozwa na Mama Shija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mpaka sauti ikamkauka. Madiwani wenzake walipomchagua kuwa meya, mtaa mzima ulicheza barabarani. Alipovalishwa joho na ule mkufu mzito, niliona dunia imekuwa yetu.

Kazi ikammeza. Niseme haki, aliifanya. Maji ya bomba yalipopanda hadi nyumba za juu kwenye mawe, yalipandishwa na kelele zake. Lakini msiba ukitokea, sasa alimtuma dereva na bahasha. Mara nyingine nilikwenda naye, nimejaa kiti cha mbele. Mume wa Mama Shija alipofariki, ilikwenda bahasha nene kuliko zote, pamoja na shada la maua. Dereva akasimama mbele ya wafiwa akasema, "Mstahiki Meya anawapa pole sana. Yuko kikaoni."

Mama Shija aliipokea kwa mikono miwili. "Mwambie mama asante, mwanangu," aliniambia. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa sifa.

Mwaka uliofuata akafariki bibi, mama yake mama, na msiba ukawekwa kwetu. Wakubwa walifurika, suti nyeusi na magari mpaka barabara ikaziba. Uani hakukuwa na mtu. Mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani, masufuria ya kukodi yamefunikwa, na mama kila mara anachungulia getini. Mchana ikaingia bodaboda. Dereva akavua kofia, akasema ametumwa aseme kama alivyoambiwa.

"Kina mama wa mtaa wanampa pole sana Mstahiki Meya. Wako kikaoni."

Akatoa bahasha nene.

Shangazi alitaka kuitupa. "Watu gani hawa wasio na utu!"

"Iache, wifi," mama alisema. "Hayo maneno ni yangu."

Alichukua kisu akakaa mkekani peke yake, na gauni lake jeusi, akaanza kumenya. Hakufika popote. Wageni walikula wali ulioagizwa hotelini, na mimi niliwachukia wanawake wale kwa moyo wangu wote.

Muda wake ulipoisha hakugombea tena. Sasa hakosi msiba, na kisu kimo mkobani. Mama Shija humpokea vizuri, bila kinyongo usoni. "Karibu, Mheshimiwa," humwambia, akimfutia kiti cha plastiki kwa kanga yake na kumketisha chini ya turubai pamoja na wageni. Mama akiomba kumenya, wanacheka kwa adabu: "Aa, Mheshimiwa, utachafuka bure." Utotoni nilidhani kiti ndiyo heshima. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale msibani kiti ni cha mtu wa nje, na kwamba hawana mpango wa kumrudisha mkekani.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza. Wakati wa kurudi nilimshika mkono. Ulikuwa msafi kabisa, unanukia sabuni. Aliuchomoa polepole, akauficha ndani ya kanga.