Safari ya Kalambo Iliyoishia Kasulu

Nyumba tuliyokuwa tunakaa Kibondo haikuwa na dari. Ukuta unapanda mpaka usawa wa mlango, halafu juu ni mbao na bati tu. Chumba hiki na chumba kile hewa ni moja. Mama mkwe alilala upande wa pili. Akikohoa, sisi tunaamka. Sisi tukinong'ona, yeye anajibu. Siku moja nilimwambia mume wangu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba chumvi imeisha, na kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia, "Ipo kwenye kopo la majani ya chai." Sasa katika nyumba kama hiyo, mwambie mwanaume aende akapimwe mbegu. Jaribu uone.

Tulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Mimi nilishapimwa, nilijipeleka mwenyewe kimyakimya, nikaambiwa sina tatizo linaloonekana, nimlete mwenzangu. Mwenzangu nikimgusia tu, anaweka kidole mdomoni na kunyooshea ukuta. "Shh. Mama anasikia." Kila mara hivyo hivyo. Na mama, kwa upande wake, alikuwa hanong'oni. Alikuwa amemwona msichana kule kijijini Kumsenga, mjukuu wa rafiki yake wa kwaya, na alisema wazi mbele yangu, nikiwa nachambua maharage, kwamba yakishavunwa yale ya shambani atapeleka kreti za soda za posa kwa wazazi wa yule binti. Nikamwambia, "Mama, sisi ni watu wa kanisa." Akanijibu bila hata kunitazama, "Hata Ibrahimu alikuwa wa kanisa." Nilitamani kumrushia ungo. Sikurusha. Nilichambua maharage mpaka nikaanza kutupa mazima na kubakiza mabovu.

Mume wangu alikuwepo siku hiyo. Alikuwa anafunga magunia ya kupeleka gulio la Mabamba, na alichofanya ni kukaza kamba. Huyo ndiye mwanaume niliyempenda, na bado ninasema nilimpenda: mpole, mcheshi tukiwa wawili, lakini mbele ya mama yake anakuwa kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wao walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mdogo, wakakaa kambini, wakahangaika, mwisho wakapata uraia. Baba alifia njiani. Mama ndiye aliyembeba mgongoni. Nilijua deni la aina hiyo halilipiki, na nilijua pia kwamba maharage yakivunwa kabla mume wangu hajafungua mdomo, mimi nimekwisha.

Utasema, mbona msiongee kwingine? Kwingine wapi? Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu sokoni kina wateja na masikio yao. Na kwetu mke na mume wakionekana wamekaa wawili kando ya shamba wanaongea kwa muda mrefu, watu wanajua kuna ugomvi, wanakuja kuamua. Tulijaribu mara moja. Walikuja wazee wawili na mama mchungaji, wakatukalisha, wakatuombea.

Basi akaja mwalimu mmoja wa kike kushonewa sare ya kitenge, yake na ya mchumba wake, wanakwenda Kalambo, kule mbele ya Sumbawanga, baada ya harusi. Akanionyesha maporomoko kwenye simu. Maji yanatoka juu ya jabali yanashuka mpaka huyaoni yanakoishia. Akasema, "Dada, pale ukisimama karibu, mtu wa pembeni yako akikuongelesha lazima apige kelele." Niliacha kushona. Kelele! Mahali ambapo mtu *lazima* apige kelele! Wengine wanakwenda kule kupiga picha. Mimi nilitaka maji yenye sauti kubwa kuliko masikio ya mama mkwe, nisimame chini yake na mume wangu nimwulize kwa koo langu lote: utakwenda kupimwa au utamleta yule binti? Na anijibu. Akinijibu vibaya, basi, nitakuwa nimejibiwa.

Jambo la ajabu, alikubali. Nilimwambia kibandani kwangu, mguu ukiwa kwenye cherehani ili iendelee kulia. Akatabasamu kama zamani. "Siku tano tu," akasema. "Tulale Mpanda, kesho yake Sumbawanga, tuyaone hayo maji, turudi." Akasema atashonewa shati la kitenge kama la yule mchumba wa mwalimu. Nikamshonea, nami gauni la kitambaa hicho hicho, bluu yenye majani ya njano. Wiki ile nilikuwa naimba. Mungu anisamehe, nilimsalimia hata mama mkwe kwa uchangamfu mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Kosa lilikuja hapo. Sisi kwetu mtu hasafiri na mkewe hivi hivi. Mnasafiri wawili kwa msiba, kwa harusi, au kwa ugonjwa. Msiba hakuna, harusi hakuna. Mama alipomwona anakunja shati jipya akamwuliza mnakwenda wapi, na huyu bwana, badala ya kusema tunakwenda kutembea, alisema, "Hospitali, mama. Sumbawanga."

Baadaye nilimkaba kwa maneno kibandani: "Kwa nini?" Akanijibu kwa unyonge, "Ningemwambia nini? Kwamba tunapanda basi siku mbili kwenda kutazama maji yanaanguka, na mto Malagarasi upo hapa?"

Sasa wewe msomaji unajua watu wanavyotania kuhusu Sumbawanga. Watu wa kule ni watu kama sisi, wanalima mahindi na kupeleka watoto shule, lakini huku mtu akisema mke wake hazai na anampeleka Sumbawanga, hakuna anayesikia neno hospitali. Wanasikia mganga. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na taarifa. Jirani alinipa pole huku ananikonyeza. Mteja mmoja akaninong'oneza nikifika nimwulizie na yeye dawa ya biashara. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani na unga, mayai na kidumu cha mawese, wakapiga magoti sebuleni, wakaomba Mungu avunje kila kibuyu kilichokuwa kinatusubiri kule. Mimi nimepiga magoti katikati yao nasema amina. Ningefanyaje? Ningesema tunakwenda kujistarehesha, na unga wao umekaa pale mezani?

Walipoondoka, mama mkwe akatangaza kwamba anakwenda na sisi. "Mwanangu halali Sumbawanga bila mimi," akasema. "Nimemtoa vitani, siwezi kumwacha kwa waganga." Nikamgeukia mume wangu. Sema. Sema sasa, hata neno moja. Akasema, "Mama, utachoka." Hilo ndilo alilosema. Akajibiwa, "Nimechoka tangu sijakuzaa." Na akaanza kufunga mzigo wa hospitali kama tunavyoujua sisi sote tuliouguza: beseni, ndoo yenye kifuniko, chupa ya chai, mkeka, khanga za kubadilisha, sufuria ndogo ya uji. Gauni langu la bluu lilikaa chini kabisa, sufuria juu yake.

Asubuhi tulipanda basi la Kasulu. Mama alikaa katikati yetu. Barabara ilikuwa bado inajengwa, tunatoka kwenye lami tunaingia kwenye vumbi jekundu, tunatoka tena, na mimi nilikuwa natazama dirishani nikilia bila sauti, najifuta vumbi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilijiona nafika mpaka kwenye yale maji nikiwa na beseni kichwani.

Kasulu tulitakiwa kubadili basi. Tumeshuka, mzigo uko chini, mume wangu anaulizia basi la Mpanda, mama mkwe akaketi juu ya ndoo na kusema, "Mimi siendi."

"Mama?"

"Siendi, na wewe huendi. Hospitali si hii hapa Kasulu? Nimeuliza yule mama wa ndizi, amesema wanapima kila kitu. Kama unataka hospitali, ndiyo hii. Ukitaka kwenda mpaka Sumbawanga, basi unamtaka mganga, na hilo utalifanya nimekufa." Akamkazia macho. "Ni kipi unachotaka?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa imeishia kwenye stendi, mbele ya mikungu ya ndizi. Angeweza kusema ukweli. Nilimtazama, nikaona jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu. Aliogopa kusema tunakwenda kutembea kuliko alivyoogopa kile alichokikimbia miaka saba. Akasema, "Hospitali, mama." Nami nikabeba beseni.

Pale hospitali walitusikiliza vizuri. Mimi nilikuwa na majibu yangu kwenye simu, kwa hiyo aliyeitwa ni yeye. Akapewa kikopo, akaelekezwa mlango. Alikiangalia kile kikopo kama kinauma. Mama akaniuliza, "Wanachukua damu tu, siyo?" Nikamwambia, "Damu tu, mama." Na katikati ya majonzi yote yale nilitaka kucheka mpaka nianguke.

Tulipoitwa kusikia majibu, mama akasimama pia. Daktari, kijana mwenye adabu, akamwuliza mume wangu kama anaridhia. Kabla hajajibu mama akasema, "Mficha uchi hazai. Mimi ndiye niliyemtoa, kuna nini nisichokijua?" Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Tukaingia wote watatu.

Daktari alisema kipimo kitarudiwa, na kwamba atatuandikia hospitali kubwa zaidi, lakini hataki kutupa moyo wa uongo. Hakuona mbegu. Si chache. Hakuona. Akamwuliza mume wangu kama aliwahi kuugua matumbwitumbwi akiwa mkubwa kidogo. Akajibu hakumbuki. Mama mkwe akasema polepole, "Aliugua. Kambini. Alikuwa ameanza kubadilika sauti. Yalivimba hapa," akashika shingo, "yakashuka na kule chini. Alilia siku nyingi. Mimi nilimkanda kwa maji ya moto, nikamwambia mwanaume halii." Akamgeukia mwanawe. "Mana yanje, Mungu wangu! Nilikukataza hata kulia."

Hakuna aliyemlaumu. Daktari mwenyewe alimwambia siku zile, mahali pale, hakuna zaidi ambacho mama angefanya. Lakini mama mkwe alitoka mle ndani akiwa ameshikilia ukuta.

Nje kulikuwa na uwanja wa wanaouguza. Alitandaza mkeka, akamimina chai. Kwetu chai humiminiwa mwanaume kwanza, kisha mkubwa, mkamwana mwisho. Alinipa mimi. Akaniita *mukazana wanje*, mke wa mwanangu, jina ambalo hakuwa ameniita tangu mwaka wa harusi, na halafu akapiga magoti. Mwanamke wa umri ule, mbele ya watu wenye wagonjwa wao. Nikamshika mabega, "Mama, simama, watu wanatuona." Hakusimama.

"Nilitaka kukufukuza," akasema. "Sasa nakuomba. Usimwache mwanangu. Nani atamchukua?"

Mume wangu alikuwa amesimama kando, shati lake la kitenge limelowa mgongoni. Nilingoja akae kimya kama kawaida yake. Akasema kwa sauti, si ya kunong'ona, wauguzaji wengine wakageuka: "Mama, usimwulize hivyo. Mwulize anachotaka yeye."

Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naifuata mpaka Kalambo. Nimeipata Kasulu, kwenye uwanja wa hospitali, na beseni letu limeegemea mti. Na nilikuwa nimeshinda. Si mimi. Miaka saba ya ungo na maharage na Ibrahimu, na si mimi! Ningeweza kuwarushia maneno yote niliyoyaweka akiba, na ninayajua maneno, hakuna anayenishinda sokoni. Nikafungua mdomo.

"Nataka mtoto," nikasema.

Wakanitazama. Mama mkwe alikuwa ametaka mjukuu. Ukoo ulikuwa umetaka jina. Kanisa lilikuwa limeniombea nisiaibike. Kwa muda wote ule nilikuwa nimepigana kuonyesha kwamba kosa si langu, nikashikilia vita mpaka mimi mwenyewe nikasahau kwamba usiku mwingine nilikuwa nahesabu vitambaa vilivyobaki kibandani, hiki kinatosha kagauni, hiki kinatosha kaptula. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku nikishinda nitakuwa nimemkosa mtoto huyo.

"Na mimi nilikuwa nataka mtoto," nikasema tena, na hapo ndipo nililia, kwa koo langu lote, kwa kelele, bila kujali nani anasikia. Mume wangu akachuchumaa pale alipokuwa, akafunika uso. Mama mkwe aliinuka kutoka magotini, akasogeza chupa ya chai na sufuria upande mmoja, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Nikakaa.