Kuku wa Mbegu Hakimbii

Wanawake wa jumuiya yetu hapa Tunduma huniuliza, dada, kufuga kuku unaanzaje? Nawajibu: anza na kufuli. Wanacheka, wanadhani natania.

Mimi nilianza vizuri. Kwetu Itaka kuku wa kwanza hanunuliwi, anaombwa kwa mtu mwenye mkono mzuri, na huyo ndiye kuku wa mbegu. Mama alinipa tetea wake wa kishingo, shingo tupu, nyekundu, mbaya wa sura huyo, lakini mlezi hasa. Alichana upindo wa kitenge chake akamfunga mguuni. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema, na aliniangalia mimi, si kuku, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa. "Akizoea, mfungue. Ila mbegu usiikatishe." Masika yaliyofuata tukamzika mama.

Mume wangu anabadilisha kwacha pale mpakani na shati lake lazima liwe jeupe. Banda nililigonga mwenyewe kwa mabanzi. Pumba nilibeba mwenyewe. Uzao wa kwanza wa kishingo ulimalizwa na mwewe, nikalia kama mjinga. Alipoanza kuatamia tena nilimhamishia jikoni, kwenye beseni bovu nyuma ya gunia la mkaa. Nikamwambia mume wangu: wengine wote sawa, huyu usimguse.

Ndipo baba akapiga simu. Kideri kilikuwa kimepita kwao, hakikuacha hata jogoo. "Mama," maana ndivyo anavyoniita, "nasikia kuku wa mama yako amelalia. Wakianguliwa nitakuja nimchukue na watoto wake. Wakikua nakurudishia yeye, mimi nibaki na mbegu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili. Nikamwambia aje Jumapili.

Jumapili asubuhi mayai mawili yalikuwa yameanza kudonolewa kwa ndani. Ukiinama unasikia kilio chembamba. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilikuwa na zamu ya usafi kanisani, nikaacha broila wa Nakonde kwenye friji, tayari ametiwa viungo, nikirudi nimkaange.

Niliporudi, tenga la baba lilikuwa mlangoni, tupu, limetandikwa majani makavu. Kicheko kinatoka sebuleni. Nikapita jikoni kwanza. Wifi yangu alikuwa anasugua sufuria. Ndani ya beseni mayai yalikuwa peke yake. Moja lilikuwa limetoboka, ncha ya mdomo imechungulia. Nikaliweka sikioni. Kimya, na ubaridi.

Mume wangu alinifuata, anatabasamu. "Mama watoto, nimekuokoa. Baba mkwe nimpe broila? Watu wangesema mimi ni mkwe wa namna gani?"

"Kwa nini huyu?"

"Wale wengine wanakimbia bwana. Huyu alikuwa amekaa tu."

Amekaa tu! Yesu wangu! Kuku ameshikilia watoto wake, mtu mzima anasema amekaa tu. Kamba nilishamfungua siku nyingi, alikuwa ameshazoea watu wa nyumba hii. Nami nilikuwa nimeshawazoea. Shati la mume wangu halikuwa na hata tone la damu.

Mkwe haingii jikoni kwa binti yake, kwa hiyo baba alikuwa ananisubiri pale mezani, anatafuna firigisi. "Mama, mkwe wangu ananiheshimu," alisema. "Kienyeji kabisa huyu, mtamu." Akanawa, akajifuta midomo, akaenda mlangoni akalichukua tenga lake. "Haya, nionyeshe kuku wa mama yako."

Mume wangu akanikonyeza nidanganye.

"Umeshamla, baba."

Aliketi na tenga mapajani. Hakumwambia mkwe wake neno baya hata moja, na hilo ndilo sitamsamehe mume wangu, kwamba alimfanya mzee wa watu ameze na hiyo nayo. Aliomba maji akanawa tena. Wakati wa kuondoka mume wangu alimtoa broila kwenye friji akamtia ndani ya lile tenga, juu ya majani. Na baba, kwa adabu yake, akashukuru.

Bado anakuja kunisalimia. Akifika tu, kabla hajaketi, anauliza kama kuna maharage.