Vistari vya Mzinga wa Kumi na Saba

Kosa ni langu. Nalitaja mapema, kwa sababu mimi ukiniachia nafasi nitazunguka mpaka usahau nimeshtakiwa nini.

Ila kuna upuuzi mmoja lazima uujue kwanza, maana niliubeba kichwani miaka na miaka. Nilikulia kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Pale kambini tuliambiwa kwamba Mjerumani aliacha ramani zenye vistari vidogo vilivyoinama juu ya namba, na kwamba vistari vile ni hesabu ya masanduku ya rupia aliyoyafukia. Kistari kimoja, sanduku moja. Vistari viwili, masanduku mawili. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Nikapanda Lutindi na jembe, nikachimba kando ya jiwe la mpaka lenye namba na vistari viwili, shimo la kutosha kuzika tembo na wakwe zake. Nilipata mzizi mmoja na viboko vya mwenye shamba.

Rupia nikazisahau. Kitu kimoja kikabaki: viwili ni vikubwa kuliko kimoja.

Ukubwani nikasoma shule ya jioni pale Korogwe. Mchana nakata mkonge, jioni nakaa darasani na miiba kwenye vidole. Wiki ya somo la ramani nilikuwa naumwa jino, shavu limevimba kama papai, sikwenda. Mtihani haukuuliza ramani, nikafaulu. Siku ya cheti nilitembea mjini kama nimeteuliwa waziri.

Baadaye nikahamia Mazingara kulima na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nitamwita Rajabu, ingawa silo jina lake. Kijijini walinipa jina la Profesa. Walikuwa wananitania, mimi nikalichukua kama cheo.

Kijiji chetu kina kikundi cha ufugaji nyuki. Mizinga imetundikwa porini, na kila mzinga una namba. Katibu wetu, mama mmoja makini sana, alikuwa ameazima kile kifaa kidogo cha kupimia mahali, akaandika kwenye daftari la kikundi kila mzinga uko wapi. Mizinga ya zamani tunaijua wote. Ile mipya, kuanzia wa kumi na tatu, aliitundika yeye na Rajabu, watu wawili tu.

Asubuhi moja, saa mbili hivi, simu ya dada ikaita. Nilikuwa nimekaa naye barazani tunakunywa chai. Alikuwa Rajabu.

"Nimeanguka," alisema. Dada alikuwa ameweka sauti ya juu, nami nikasikia. "Mguu umevunjika, mfupa umetoka nje. Nimeufunga na kamba ya mzinga, damu imepungua. Niko mzinga wa kumi na saba. Njooni haraka, simu inakata chaji."

Ikakata.

Dada hakulia. Alisimama akauliza, "Wa kumi na saba ndiyo wapi?"

Tukampigia katibu. Hapatikani. Alikuwa amekwenda msibani Korogwe, simu imezimwa. Nikakimbia kwake, binti yake akanipa daftari. Niliporudi, watu kama kumi na watano walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la kikundi, na mzinga wa kwanza uko hapohapo nyuma ya ghala. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Daftari hili hapa."

"Marahaba. Haya Profesa, tusomee. Mimi macho yangu na hayo madudu hayaelewani."

Nikafungua. Mzinga wa kwanza: Kusini 5° 40′ 12″. Mzinga wa kumi na saba: Kusini 5° 42′ 15″. Namba za Mashariki zilikuwa karibu sawa.

Hapo ndipo nilipaswa kusema sijui. Neno moja tu. Watu kumi na watano wananitazama mdomoni, na mimi nina cheti ukutani.

Nikasema, "Ni rahisi. Namba yenye kistari kimoja ni ndogo, hiyo iacheni. Yenye vistari viwili ndiyo kubwa. Imetoka kumi na mbili mpaka kumi na tano, yaani tatu. Kila moja hatua mia. Rajabu yuko hatua mia tatu kutoka hapa, upande wa kusini."

Zile hatua mia nilizitoa wapi? Sijui mpaka leo. Zilikuja zenyewe mdomoni, zimevaa tai.

Dada akanitazama. "Mdogo wangu, Rajabu akienda kwenye mizinga mipya anaondoka alfajiri, tena na baiskeli. Hatua mia tatu mtu anapanda baiskeli ya nini?"

"Dada, hii ni Jiografia."

"Mimi nakwambia habari ya mume wangu."

"Na mimi nakwambia namba. Namba hazina mume."

Wengine walicheka. Nilifurahi walipocheka, Mungu anisamehe.

Tukaingia porini. Hatua mia tatu, hakuna kitu. Mwenyekiti akasema labda hatua zangu ni fupi, tukaongeza mia. Tukajipanga mstari tukaita. Miiba ikatuchana, tukazunguka kichaka kilekile mara nne. Kila mtu akiita jina la Rajabu tunanyamaza wote kusikiliza, na tunasikia njiwa tu. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Dada alikuwa anaangalia jua.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Kama saa tano na nusu nilijitenga kwenda haja. Nikatokea kwenye kinjia cha wachoma mkaa kinachoshuka kusini. Kwenye mchanga palikuwa na alama ya tairi la baiskeli. Na lile tairi nalijua. Nililishona mimi mwenyewe kwa uzi wa gunia, kila linapozunguka linaacha alama kama kovu. Kovu lilikuwa pale, la asubuhi ileile, linakwenda mbele, halirudi.

Nilisimama nikaliangalia. Nilijua. Nilijua kabisa kwamba Rajabu amepita pale na kwamba yuko mbali, na kwamba Jiografia yangu ni ya kuokota.

Nikawaza watu watasema nini. Nikawaza jina langu. Nikajiambia tumalize kwanza upande mmoja wa kichaka, halafu nitajifanya nimeliona tairi kwa bahati, ionekane tumeongeza tu eneo la kutafuta. Dakika kumi, nikajiambia.

Nikarudi kwenye mstari, nikaita jina la shemeji yangu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Zile dakika kumi zikawa saa mbili na zaidi. Kila nilipotaka kusema, kila dakika iliyopita ilikuwa imelifanya neno lenyewe kuwa zito. Ningesemaje kwamba nililiona tangu saa tano na nusu?

Saa nane dada akachukua dumu la maji akajitwika. "Nyie bakini na daftari," alisema. "Mimi nakwenda umbali ambao mume wangu huwa anakwenda."

Akashika njia ya kusini. Vijana wawili wakamfuata. Alipofika kwenye kile kinjia aliliona tairi, akapiga kelele kutuita. Sote tukakimbia, mimi nikiwa wa mwisho. Tulitembea karibu saa nzima. Baiskeli tuliikuta imeegemezwa mti, na Rajabu chini ya mti wa pili, midomo imekauka, bado ameshikilia ncha ya kamba. Aliponiona alitabasamu.

"Shemeji," alisema, "nilidhani mmeenda kunywa chai kwanza."

Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, gari likampeleka hospitali. Daktari alimwambia dada kwamba kuvunjika kungetibika. Kilichoharibu mguu ni kamba kukaa imefungwa saa nyingi mno. Wakaukata chini ya goti.

Leo napanda mimi kwenye mizinga yake yote. Yeye anakaa chini na magongo, ananielekeza na kunitania kwamba napanda kama mama mjamzito. Asali namgawia yote. Anasema mimi ni shemeji wa kupigiwa mfano, anawaambia watu hivyo mbele yangu. Dada anasikia. Sijui anajua nini. Siku moja aligeuza lile tairi la baiskeli, akapitisha kidole kwenye mshono wangu taratibu, kisha akaingia ndani.

Nitamwambia Rajabu? Kila mara nikipanda mti najiambia, nikishuka. Nikishuka ananipokea kopo la asali kwa mikono miwili.

Wewe unayesoma hapa, na unayependa kuonekana unajua: siku watu watakapokugeukia wakusikilize na wewe hujui, sema hujui. Ukishakosea, sema saa ileile. Usisubiri dakika kumi. Mimi dakika zangu kumi zimechukua mguu wa mtu, na bado hazijaisha.

Katibu alirudi kutoka msibani kesho yake, akanikuta ghalani. Nilimwonyesha ukurasa. Sikumwambia habari ya tairi, nilimwonyesha namba tu. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaniuliza kwenye vipimo vya seremala kistari kimoja ni nini. Nikasema futi. Na viwili? Inchi. Akaniuliza kipi kirefu. Futi, nikajibu.

"Basi na hapa ni vilevile," akasema. "Kimoja ni dakika, viwili ni sekunde. Dakika moja ya kwenda kusini ni karibu kilomita mbili, na hapa zimeongezeka mbili. Sekunde ni hatua kama arobaini. Ulikuwa unatafuta sekunde, baba. Rajabu alikuwa kwenye dakika."