Niliapa Kwamba Raya Aliteleza

Nimesema uongo mbele ya hakimu, msahafu mkononi. Msinihurumie. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, na nilifanya vile ili jamaa zangu wasije wakaninunia.

Mimi ni somo. Kwa asiyejua, somo ndiye mwanamke anayekabidhiwa mwari kabla ya ndoa amfunze kukaa na mume, na mwari akipatwa na jambo humkimbilia yeye kwanza, hata kabla ya mama yake. Hapa Jadida, kisiwani Pemba, nimewasimamia wengi. Mmoja ni huyu nitakayemwita Raya. Nilimfunza kuvumilia, maana hilo ndilo tunalolijua sisi, kuwafunza watoto wa wenzetu kuvumilia.

Mume aliyempata, tumwite Hamad, ni mtoto wa dada yangu. Kwa hiyo nilikuwa somo wa mke na mama mdogo wa mume.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Tumekaa uani kwao mimi na Raya tunachambua karafuu, na nyingine zimeanikwa kwenye majamvi. Raya akaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Mvua ikashuka ghafla, na mimi na miguu yangu hii nikawahi kuanua jamvi moja tu. Mengine yakarowa.

Hamad akarudi, akaona karafuu zinachuruzika maji. Mvua hakuweza kuipiga, shujaa yule, akaona ampige mkewe. Alichukua mpini wa jembe. Mkono wa Raya ulivunjika mbele yangu, nikausikia unavyovunjika. Raya akanigeukia mimi, somo wake. Nilichosema ni, "Hamad mwanangu, basi." Basi, kama mtu anayekataa kuongezwa chai.

Raya hakuvumilia. Alikwenda hospitali, kisha polisi, na kesi ikafunguliwa. Shahidi wa macho alikuwa mmoja, mimi.

Hapo ndipo ukoo ukakumbuka kukutana. Wanaume wanne barazani kwa shemeji yangu, kanzu zimepigwa pasi, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Hakuna aliyeuliza Raya anaendeleaje. Habari yao yote ilikuwa aibu ya ukoo.

"Shemeji," akaniambia baba yake Hamad, "nkono utapona. Jina la ntu likichafuka halisafishiki."

"Sasa mie niseme nini huko?"

"Sema kateleza. Majamvi si yalikuwa maji? Kateleza, kaanguka nwenyewe."

Dada yangu, mlangoni, akaanza kulia. "Weye leo ndo wa kunfungisha mwanangu?"

Muhali ukanishika. Sisi Wapemba neno hili tunalitamka kwa heshima, utadhani ni nguzo ya sita ya dini. Maana yake ni kuona haya kumuudhi jamaa, hata jamaa mwenyewe awe mshenzi. Kwa muhali tumewalinda wapigaji na wabakaji, wanatembea vifua mbele wanaitikiwa salamu, na waliopigwa ndio wanaofungiwa ndani kwa aibu. Halafu tunajisifu kuwa ni watu wa staha. Staha gani hiyo?

Nikaenda, nikaapa, nikasema aliteleza. Raya alikuwa amekaa karibu, mkono kwenye plasta. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia matapishi ya paka.

Kesi ikaanguka. Raya akapewa talaka yake, akarudi kwao Makangale na mtoto. Mkono umeunga kombo, hauwezi kumnyanyua mwanawe. Hamad alichinjiwa mbuzi kwa furaha ya kuachiwa. Nilikula nyama ile, na nikaongezwa mchuzi.

Baadaye dada akaniletea kanga mpya. Hamad ameposa Gombani, binti mdogo, na wanataka mimi niwe somo wake. Nilikwenda Gombani kwa mama yake yule binti, mjane mpole tu, nikamwambia, "Bi Salma, usimtoe mwanao. Yule anapiga. Alimvunja mkewe mkono, na mimi nilikuwapo."

Akanimiminia chai, akasema taratibu:

"Habari hizo tulizisikia. Ami yake akenda kuuliza, akaambiwa kesi ilikwisha, shahidi kaapa kuwa nke kateleza. Akauliza shahidi nani. Akaambiwa somo wake nwenyewe. Tukasema somo hawezi kunsingizia mwari wake. Ndo mana posa tumeikubali."

"Nilidanganya, Bi Salma."

"Ulidanganya na msahafu, au wadanganya sasa na kikombe changu nkononi? Niamini lipi, Bi Somo?"

Chai ile sikuimaliza.

Nimeshakwenda polisi nikaeleza kwamba nilisema uongo, na litakalonipata linipate. Dada haitikii salamu yangu. Shemeji anatangaza kuwa nimeingiwa na wazimu, na wale wenzake wa kahawa wanatikisa vichwa. Lakini ndoa imefungwa. Somo wametafuta mwengine.

Wewe unayesoma, ukiona, sema siku hiyo hiyo. Watakuja na kanzu zao wakwambie mambo haya yamalizwe nyumbani. Waulize waliyaanzia wapi kama si nyumbani. Waache na vikombe vyao, nenda kaseme ulichokiona, na jamaa atakayekununia anune mpaka achoke.

Usije ukawa kama mimi. Kesho yule binti wa Gombani akivunjwa naye, nikasimama kizimbani kusema kweli, wakili ataniuliza swali moja tu, kama mimi si yule aliyeapa uongo kesi ya Raya. Nitasema ndimi. Na mtoto wa watu atarudishwa kwa Hamad.